Fungu la Wifi Lilivyoniponyoka

Hebu niambie wewe unayenisoma: umewahi kushukuriwa na mtu kwa kumtunzia kitu, na kitu chenyewe umeshakipoteza?

Basi mimi nimeshukuriwa. Tena asubuhi kweupe, mbele ya watu, mkasi uko mkononi.

Kwa aliyekosa sehemu zilizopita, nitamshika mkono kidogo tu. Mimi ni bibi mwenye wajukuu, fundi cherehani, na shule niliishia msingi. Ninashona na wifi yangu, mjane wa kaka yangu, ambaye anakaa kwangu tangu tulipomzika marehemu. Tunashona aproni za mahoteli. Mnunuzi wetu mkubwa ni mama mmoja wa ng'ambo, naye anatulipa kwa sarafu za mtandaoni, kwa sababu zamani akituma kupitia benki pesa zilikuwa zinatafunwa na makato njiani, zikifika zimekonda kama zimetoka kuugua.

Sarafu anayotuma ni ile inayopanda na kushuka. Sisi dukani tumeipa jina, tunaiita Lastiki. Iko nyingine inayofuata dola, jana na leo yake ni moja. Hiyo tunaiita Futi, kama futi ya kupimia kiuno. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba Lastiki ikiingia hailali. Sehemu tunaivunja iwe pesa za kawaida, za kitambaa na za pango. Sehemu tunaihamishia kwenye Futi, kila mtu fungu lake. Simu yenye mambo hayo ni yangu, maana ya wifi ni ya vitufe, haijui kitu zaidi ya kupiga na kupokea. Kwa hiyo fungu lake nalishika mimi.

Wiki iliyopita nilikiri hapa nilichofanya. Lastiki ilianguka, kila mwenye nayo akashika kichwa. Mimi nikachukua fungu la wifi, lote, nikalitoa kwenye Futi nikaliingiza kwenye Lastiki. Sikumwambia. Nilitaka linenepe, tununue mashine ya kudarizi, siku moja nimwite nimwambie, "Wifi, njoo uone."

Utauliza, bibi mzima, akili ilikwenda wapi?

Akili ilikwenda kwenye kitambaa. Fundi yeyote anajua pamba mpya haikatwi hivi hivi. Unailoweka kwanza, unaianika, inasinyaa inavyotaka kusinyaa. Ndipo unaitandaza mezani na kuipiga chaki. Ikishasinyaa mara moja, imemaliza. Mafundi wenye pupa ndio wanaorudishiwa magauni yaliyopanda magotini, na mimi katika maisha yangu sijarudishiwa hata moja. Basi nilipoona Lastiki imeshuka, nikasema moyoni: hii imeshalowekwa, imeshasinyaa, sasa ndiyo ya kukata.

Ikasinyaa tena. Na tena.

Sasa sikia ya juzi.

Tulikuwa wawili dukani, na mteja mmoja aliyeleta sketi yake ya kazini imekatika zipu. Hakuwa na nyingine ya kubadili, kwa hiyo alikuwa amekaa nyuma ya pazia la kupimia, amejifunga shuka, anasubiri. Wifi anashona mifuko ya aproni. Mimi nakata mishipi.

Akaingia yule muuza mashine. Sisi tunamwita Bwana Mashine, mtu wa maneno mengi na viatu vya kung'aa.

"Shikamoo, mabibi."

"Marahaba," tukamwitikia.

"Mchumba wenu, ile mashine ya kudarizi, amefika. Yuko ghalani, hata nailoni hajavuliwa. Lakini yuko mtu wa sare za shule anamzunguka kama nzi. Mkinipa kianzio leo, ni wenu. Msiponipa, msije mkanilaumu."

Wifi alisimamisha cherehani kwa kiganja. Akanitazama, akacheka, kile kicheko chake cha kuficha meno.

"Mimi usiniangalie, kaka. Fungu langu analo wifi. Na sina wasiwasi nalo, maana liko kwa mtu asiye na pupa." Kisha akanigeukia mimi. "Ahsante, wifi yangu. Kweli ahsante. Mwingine angekuwa ameshalitafuna."

Nyuma ya pazia mteja akaitikia, "Wifi wa namna hiyo nikopesheni na mimi! Wa kwangu hata chumvi hanitunzii."

Wakacheka wote. Mimi nilicheka nao. Nilicheka, mkasi ukaendelea kutembea, na nilipoangalia chini nilikuwa nimeukata mshipi katikati.

"Wifi! Huo si ulikuwa mzima?"

"Ulikuwa na doa," nikasema.

Haukuwa na doa. Uongo wa kwanza wa siku hiyo, nao nikausema kwa ajili ya kipande cha kitambaa.

"Njoo alasiri," nikamwambia Bwana Mashine. Mdomo ulinitangulia. "Alasiri utapata jibu."

Alipotoka nikavua kastabini, nikasema naenda kutafuta zipu ya rangi ya ile sketi. Zipu ilikuwepo kwenye mkebe; niliichomoa kwa siri nikaitia mfukoni. Nilikwenda kwa Mama Chaji.

Mama Chaji ana kibanda kwenye kona. Waya zimening'inia kama nywele zisizochanwa, simu za watu zimepangwa mstari zikinyonya umeme. Yeye ndiye aliyetufundisha mambo ya sarafu, na yeye ndiye anayetuvunjia. Ukutani amebandika karatasi yenye vile vidoti vyeusi vya kupiga picha kwa simu. Mtu anachaji, analipa kwa Lastiki, anaondoka. Siku hizi hata muuza nyuzi wetu anayo karatasi hiyo, na muuza vifungo pia.

"Mwanangu, hebu nitazamie Lastiki imeamkaje."

Akafuta kidole kwenye sketi yake, akafungua simu yangu.

"Leo imeamka na furaha, bibi. Tangu alfajiri inapanda." Akanipigia hesabu, akanyanyua nyusi. "Haya, umeokoka. Fungu la wifi limebaki kidogo sana lifike pale lilipokuwa. Upungufu wenyewe ni kama bei ya ile pasi yenu ya umeme. Nivunje?"

Hapo ndipo ningesema vunja. Ewe msomaji, hata mtoto angesema vunja.

"Subiri," nikasema.

"Nisubiri nini?"

"Nataka litimie."

"Upungufu wa pasi, bibi! Si utaufidia kwa mikono yako? Shona aproni zako kidogo kidogo, ujazie."

Alikuwa na haki. Fungu langu mimi nilishalimaliza kwenye mabati ya paa, lakini mikono ninayo. Ningeweza kujazia. Tatizo ni kwamba ili nijazie ningehitaji muda, na ili nipewe muda ningehitaji kusema. Wifi hasomi simu, lakini kila malipo yalipoingia nilimtajia, naye ana kichwa kinachoshika kama gundi. Likipungua hata kidogo ataniuliza. Nilitaka litimie ili nisiwe na la kusema. Hilo tu. Sikuwa nangoja pesa, nilikuwa nangoja kusitiriwa.

"Basi nivunje nusu," akasema Mama Chaji. "Nusu ikae Futi, haitikisiki. Nusu iendelee kuruka ukitaka. Ikianguka, hujaanguka mzima."

"Nusu ya mashine hainunuliki."

"Bibi!" Akaweka simu juu ya meza. "Hii si mtoto wa shule kwamba ukimsubiri getini atatoka. Mimi napokea Lastiki kutwa nzima, lakini nikifunga kibanda sina hata chembe yake. Umeme naulipa kwa pesa, mchele nanunua kwa pesa. Ikilala kwangu, imelala na faida yangu."

"Wewe kijana, una haraka," nikamwambia.

Akaichukua tena simu kwa heshima. Angekuwa mwanangu wa kumzaa angenijibu.

"Sawa. Basi nakutegea kengele. Bei ikifika pale unapotaka, simu italia. Ikishuka sana, italia vilevile. Ikilia, acha kila kitu uje. Umenisikia, bibi? Kila kitu."

"Nimekusikia."

Nilirudi dukani na zipu niliyoitoa mfukoni kana kwamba nimeinunua. Nikavaa tena kastabini, nikakaa kwenye cherehani. Nikafumua zipu mbovu, uzi mmoja mmoja, kwa wembe. Nikaibandika mpya kwa uzi wa kushikiza, nikabadilisha mguu wa cherehani, nikaanza kushona upande wa kushoto.

Simu ikalia mfukoni mwa aproni.

Nitakuambia ukweli, nilitabasamu. Nilisema, limetimia. Yale maneno ya kwamba italia hata ikishuka yalikuwa yamenitoka kichwani kabisa, kama hayakusemwa. Mtu anayetaka kusitiriwa husikia nusu anayoitaka.

"Simu yako, wifi," alisema wifi.

"Iache."

"Inaweza kuwa mama wa ng'ambo."

"Mteja amekaa na shuka. Kwanza nimalize."

"Mungu akubariki, bibi," mteja akasema nyuma ya pazia. "Bosi wangu ameshapiga mara mbili, na mimi siwezi kwenda ofisini hivi."

Nikashona upande wa kulia. Nikageuza, nikapiga mshono wa juu. Nikafumua uzi wa kushikiza. Nikaipiga sketi pasi kwa kitambaa kibichi ili isimetemete. Kazi safi, sijawahi kushona zipu iliyolala vizuri kama ile. Nilikuwa na raha, msomaji. Nilikuwa nimeshapanga sauti nitakayotumia kumwambia Bwana Mashine, "Lete mashine."

Mteja akavaa, akalipa, akaondoka mbio. Ndipo nikatoa simu.

Sikuelewa nilichokiona. Mstari uliokuwa unapanda ulikuwa umekatika na kuning'inia.

Sikumbuki nilimwambia nini wifi. Nakumbuka nimefika kwa Mama Chaji na kastabini ingali kidoleni.

Akachukua simu. Akaangalia. Akanivutia kigoda.

"Kaa kwanza, bibi."

"Sikai. Limebaki kiasi gani?"

"Kuna wakubwa huko wameuza, wote kwa mkupuo. Sisi wadogo tunasikia kishindo tu."

"Nakuuliza limebaki kiasi gani."

"Halifiki nusu."

Watu walikuwa wanapita na mambo yao. Mmoja alikuja kuchukua simu yake, akanisalimu, nikamwitikia. Unaona jinsi ilivyo? Umekwisha, na bado unaitikia salamu.

"Nikisubiri itarudi?"

"Siwezi kukudanganya. Inaweza kupanda mwezi ujao, inaweza ikaendelea kushuka. Anayejua hayupo, na anayesema anajua usimpe simu yako." Akashusha sauti. "Ila hizi si pesa zako za kubahatishia, bibi. Ni za mtu. Zilizobaki zitie Futi."

Nikasema vunja. Neno lile lile ambalo asubuhi lilinishinda.

Simu ilitaka kidole changu kithibitishe. Nikaweka kidole, ikakataa. Ncha za vidole vyangu zimechomwa na sindano miaka mingi, hazina mistari tena. Nikaweka tena, ikakataa. Mama Chaji akanishika mkono, akanipangusa kidole taratibu kwa pamba na mafuta kidogo, kama anavyofutwa mtoto. Mara ya tatu ikakubali. Nilikaribia kulia kwa lile tendo la kupanguswa, si kwa pesa.

Nilirudi kwa njia ndefu ya kuzunguka, na njiani nilitunga. Nilitunga kama ninavyotunga kola, kipande hiki hapa, kile pale. Sitasema fungu limepotea. Nitasema mashine ni mbovu. Sindano zake hazipatikani, fundi wake yuko mbali, ikiharibika ndiyo basi. Wifi atasikitika, nitamtuliza. Hatutanunua. Nitapata miezi ya kujazia pole pole, hakuna atakayejua.

Nilimkuta peke yake, anapiga pasi aproni zilizokamilika, anazipanga mikunjo ikielekea upande mmoja, vile ninavyopenda.

"Umekwenda wapi mbio hivyo? Nilidhani kuna mjukuu ameanguka."

"Nilikwenda kuulizia ile mashine." Nikavuta kiti. "Wifi, nina habari itakayokuudhi. Ile mashine haifai. Nimeambiwa sindano zake hazipatikani. Ikigoma, hakuna wa kuitengeneza. Tutakuwa tumenunua kabati."

Nikangoja asikitike.

"Basi tuiache," akasema.

Haraka hivyo. Hata pasi hakuisimamisha.

"Hutaudhika?"

"Niudhike nini? Haifai, haifai. Tuiache."

Lo, msomaji! Nilihisi kama mtu aliyetolewa kisimani. Nikasema kumbe uongo wenyewe ni mwepesi hivi. Nikaanza hata kumwonea huruma kwa kuamini upesi. Nikachukua aproni moja nimsaidie kukunja.

"Basi, wifi," akasema, macho kwenye pasi, "kama mashine hatununui, naomba unipe fungu langu."

Nikashika ile aproni.

"Unipe lote," akaongeza. "Nilikuwa naona haya kukuomba kwa sababu ya mashine. Sasa maadamu haipo, univunjie leo. Leo leo, wifi, tafadhali."

"Lote?"

"Lote."

"La nini?"

"Nina shughuli nalo."

Miaka yote aliyokaa kwangu, wifi hajawahi kuniambia ana shughuli. Shughuli zake zilikuwa zangu. Nikiamka kupika, ameshawasha moto. Wajukuu wangu wa kike wanalala naye chumba kimoja, wanafanyia kazi zao za shule juu ya kitanda chake, wanamaliza mafuta yake ya kujipaka, naye anacheka. Sikujua kuwa mtu huyu anaweza kuwa na shughuli.

"Ngoja kesho," nikasema.

"Kesho haitafaa."

"Mtandao leo ni mbovu."

"Mama Chaji alipita hapa sasa hivi, ameleta kastabini yako umeiangusha kwake. Nimemuuliza kama mtandao upo. Amesema upo." Akaiweka kastabini mezani mbele yangu. "Nikamuuliza kama unaweza kunivunjia leo. Akaniambia, 'Muulize mwenyewe.' Akaondoka bila kuniaga. Mama Chaji! Asiyeondoka mahali mpaka ameongea na paka."

Hapo nikaishiwa.

"Halipo lote," nikasema.

"Halipo vipi?"

"Nililitoa kwenye Futi. Nikalitia Lastiki."

Akachomoa waya wa pasi ukutani. Akaisimamisha pasi kwa kisigino chake. Akakunja aproni iliyokuwa mbele yake, akaiweka juu ya nyingine, akazisawazisha kingo kwa viganja. Nilitamani anitukane.

"Lini?"

"Ilipoanguka mara ya kwanza. Nilidhani imeshasinyaa. Nilidhani imemaliza."

"Limebaki kiasi gani?"

Nikamwambia. Akafumba macho kidogo, akafumbua.

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilitaka kukushtukiza. Nilitaka upate mashine nzuri zaidi, wifi. Wallahi nilikuwa nakutafutia wewe."

"Mashine aliitaka nani?"

"Si ulikubali? Nilikuuliza, ukasema sawa."

"Nilisema sawa." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililonikata. "Wifi, mimi nakaa kwako. Nakula kwako. Nimemzika mume wangu, ambaye ni kaka yako, kutoka sebuleni kwako. Ukiniuliza kitu nitasema nini zaidi ya sawa?"

Nikaikunja ile aproni niliyoshika, nikaikunjua tena.

"Hodi mabibi!" Bwana Mashine huyo mlangoni, ameshika futi ya chuma, anapima upana wa mlango kabla hata hajakaribishwa. "Itapita, itapita! Tukiing'oa miguu itapita. Haya, bibi mkubwa, jibu langu liko wapi?"

Nilifungua mdomo. Wifi akanitangulia. Katika miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza kunitangulia kusema mbele ya mgeni.

"Kaka, mashine mpe yule wa sare za shule."

"Eh! Si mlisema..."

"Alisema wifi. Mimi sikuwahi kusema."

Bwana Mashine akanitazama, akamtazama, futi ikajikunja yenyewe mkononi mwake, kap. Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akawa nje.

Wifi akavua aproni yake ya kazi. Akachukua pochi yake kwenye msumari.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza. "Tuzungumze. Nitakulipa, nitashona mpaka nimalize, we niambie tu lilikuwa la nini. Ungenieleza, wifi, ungenieleza tangu mwanzo, nisingeligusa."

Akasimama kizingitini. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa kama wa mtu aliyebeba mzigo kwa muda mrefu akaambiwa autue popote.

"Sikutaka mashine," akasema. "Nilitaka kuhama kwako, wifi. Nilitaka chumba changu peke yangu. Nimeshakipata, na mwenye nyumba yuko pale ananisubiri na ufunguo."